George Washington: Rais aliyeapishwa akiwa na jino moja

Msikilizaji, ukiishika noti ya dola 1 ya Marekani, itazame vizuri sura iliyochorwa pale. Midomo imebana na kutuna kidogo, kana kwamba mwenyewe amefumbata kitu kinywani. Huyo ni George Washington, rais wa kwanza wa nchi hiyo. Picha ilichorwa mwaka 1796, na kilichokuwa kinywani ni meno ya bandia.

Washington alizaliwa Virginia tarehe 22 Februari 1732. Alikuwa mpima ardhi, kisha mwanajeshi, kisha mkulima mkubwa katika shamba lake la Mount Vernon. Kuanzia mwaka 1775 aliongoza jeshi lililopigana na Waingereza hadi Marekani ikapata uhuru. Lakini kuna adui mmoja ambaye hakuwahi kumshinda: maumivu ya meno.

Mwaka 1756, akiwa na umri wa miaka 24, alilipa shilingi 5 kung'olewa jino. Baada ya hapo yaliendelea kutoka moja baada ya jingine. Tusidhani alikuwa mzembe. Hesabu zake zinaonyesha alinunua miswaki, unga wa kusafishia meno na dawa mara kwa mara. Hata hivyo, alipoapishwa kuwa rais huko New York tarehe 30 Aprili 1789, alikuwa amebakiwa na jino moja tu la kuzaliwa nalo.

Wengi wamesikia kwamba meno yake ya bandia yalikuwa ya mbao. Si kweli. Daktari wake, John Greenwood, aliyachonga kwa meno ya kiboko, yule yule anayevamia mashamba yetu usiku kando ya mito na maziwa. Humo alipachika meno ya binadamu. Seti nyingine ilikuwa na risasi, na ya juu na ya chini ziliunganishwa kwa springi. Springi hizo zilisukuma taya zifunguke, hivyo ilimbidi abane meno muda wote. Alimlalamikia Greenwood kwa barua kwamba meno yanasukuma midomo yake nje.

Je, meno ya binadamu yalitoka wapi? Hapa ndipo hadithi inapouma. Miaka ya 1780 daktari Mfaransa aitwaye Jean-Pierre Le Mayeur alikuwa akipandikiza meno: anang'oa jino la mtu mmoja na kulichomeka kwenye tundu la jino la mwingine. Huko New York alitangaza gazetini kwamba atalipa gini 2 kwa kila jino la mbele. Daftari la Mount Vernon la Mei 1784 linaonyesha pauni 6 na shilingi 2 zililipwa kwa watu weusi kwa meno 9, kwa ajili ya daktari huyo. Piga hesabu: ni kama theluthi moja tu ya bei ile ya gazetini. Daftari halisemi meno hayo yaliishia kinywani mwa nani. Lakini mtumwa hakuwa na nafasi ya kukataa.

Washington alifariki tarehe 14 Desemba 1799. Katika wosia wake aliagiza watumwa 123 aliowamiliki mwenyewe waachiwe huru baada ya kifo cha mkewe, Martha.

Jino la mtu mwingine halikudumu, na liliweza kuleta hata kaswende. Jibu lilipatikana Sweden. Mwaka 1952 Per-Ingvar Brånemark aligundua kwamba mfupa hushikana na madini ya titaniamu, na mwaka 1965 akamtibu mgonjwa wa kwanza. Leo daktari huingiza skrubu ndogo ya titaniamu ndani ya mfupa wa taya. Mfupa huishika kwa miezi kadhaa, ndipo jino la bandia hufungwa juu yake. Halitegemei springi, wala halihitaji jino la mtu mwingine.

Gharama yake bado ni kubwa, na uvutaji wa sigara au kisukari kisichodhibitiwa hupunguza uwezekano wa kufanikiwa. Kwa hiyo jino likianza kuuma, tuwahi kwa daktari wa meno tukaulize kama linaweza kuzibwa kabla ya kung'olewa. Jenerali aliyeshinda vita alitumia fedha nyingi maisha yake yote, na bado hakupata jino lililofanana na lake mwenyewe.