Bultó: Msee aliyeacha kampuni yake juu ya mbio

Siku utakuwa steji ya Kinanie ukingoja nduthi, cheki majina kwa tangi. Utaona Boxer, utaona TVS, labda Honda. Bultaco hutaona, na mwenye hilo jina alikuwa moto wa kuotea mbali.

Ni Francesc Xavier Bultó, mtu wa Barcelona kule Uhispania, mzaliwa wa 1912. Mwaka wa 1944 yeye na Pere Permanyer walianzisha kampuni ya nduthi, Montesa. Kazi ikashika. Shida ni moja tu: Bultó alipenda mbio vibaya sana. Kwake nduthi ambayo haijashindana ni kama haijapimwa.

1958 mambo ikachacha. Doo zilikuwa ngumu, Permanyer akataka waachane na mashindano. Bultó akakataa katakata. Na hakuwa ameandikwa huko mazee, hiyo kampuni ilikuwa yake pia! Una miaka 46, umejenga kitu miaka 14, halafu unatoka. Wewe ungetoka?

Yeye alitoka. Mafundi wengi wa upande wa mbio wakamfuata, wakaanza kubangaiza kwa shamba lake la zamani. Kufika 1959 nduthi yao ya kwanza, Tralla 101, ikawa nje. Jina Bultaco walilitoa kwa Bultó na Paco, vile mabeshte zake walikuwa wanamwita. Alama yao ilikuwa kidole gumba kimeinuliwa.

Hapo sasa wakaanza kunyorosha watu. Kuna mchezo unaitwa trial, unapanda mawe na matope bila kuweka mguu chini (watu wa boda wa Kinanie mvua ikinyesha wanaujua bila kufunzwa). Sammy Miller wa Ireland Kaskazini aliwasaidia kuunda Sherpa T, na 1965 akashinda nayo mashindano ya siku sita ya Scotland. Ángel Nieto naye akabeba ubingwa wa dunia wa 50cc mara mbili, 1976 na 1977.

Kisha migomo ikaingia, ganji ikakauka, na 1983 Bultaco ikafungwa kabisa. Montesa aliyoiacha pia haikubaki ya wenyewe: miaka hiyo hiyo ya themanini iliingia mikononi mwa Honda.

Mzee aliaga 1998. Miaka mitano baadaye mjukuu wake, Sete Gibernau, alikuwa anamkimbiza Valentino Rossi kwa MotoGP, akamaliza wa pili 2003, tena wa pili 2004.

Nduthi aliyokuwa amepanda? Honda.