John Snow, Daktari Aliyehesabu

Katika mwaka wa 1813, mjini York, nchi ya Uingereza, alizaliwa mtoto aliyeitwa John Snow. Baba yake alikuwa kibarua, na John alikuwa wa kwanza katika watoto tisa. Wazazi wake hawakuwa na mali, walakini walijinyima ili mtoto wao apate elimu. Alipotimia miaka 14 alipelekwa Newcastle, akawa mwanafunzi wa daktari mmoja ili ajifunze kazi ya uganga.

Hata alipokuwa kijana wa miaka 18, kipindupindu kiliingia katika nchi ile kwa mara ya kwanza. John alitumwa kuwauguza wachimbaji wa makaa ya mawe. Aliona watu wenye nguvu wakishikwa asubuhi na kufa kabla ya jua kuchwa, wala hakuwa na dawa ya kuwasaidia. Jambo hilo halikumtoka moyoni maisha yake yote.

Mwaka wa 1836 alisafiri kwenda London, akazidi kusoma mpaka akawa daktari kamili. Alipata sifa kubwa kwa ujuzi wa kuwatia wagonjwa usingizi ili wasisikie maumivu, hata Malkia Victoria mwenyewe alimwita alipojifungua, mwaka wa 1853 na tena mwaka wa 1857. Lakini leo hakumbukwi sana kwa kazi ile ya jumba la kifalme. Anakumbukwa kwa sababu alikwenda mlango kwa mlango katika mitaa ya maskini, akihesabu waliokufa.

Siku zile madaktari wengi waliamini kwamba kipindupindu huletwa na hewa mbaya inayonuka. Snow hakukubali. Aliona kwamba ugonjwa huanza tumboni, wala si kifuani, basi akafikiri kwamba sumu yake humezwa pamoja na maji yaliyochafuliwa na choo cha wagonjwa. Mwaka wa 1849 alitoa kitabu kidogo kueleza maoni yake. Watu walikisoma, lakini wachache tu waliamini, kwa kuwa maoni peke yake si ushahidi.

Mwishoni mwa Agosti mwaka wa 1854, kipindupindu kilizuka ghafula katika mtaa wa Soho, London, karibu na njia iitwayo Broad Street. Kwa siku kumi tu walikufa watu zaidi ya 500. Wenye uwezo walifunga nyumba zao wakakimbia. Snow hakukimbia, bali alikwenda kwenye afisi ya serikali inayoandika vifo, akapata orodha ya watu 83. Kisha akapita nyumba kwa nyumba akiuliza kila marehemu alikunywa maji ya wapi.

Katika njia ya Broad Street palikuwa na bomba la kuvuta maji kisimani. Snow aliona kwamba katika wale 83, watu 73 walikuwa wakikaa karibu na bomba lile kuliko bomba jingine lolote. Waliobaki walikuwa 10. Je, hao hawakumpinga? Aliuliza tena, akaambiwa kwamba watano walizoea kutuma watu kuteka maji ya Broad Street kwa kuwa waliyapenda, na watatu walikuwa watoto waliosoma shule karibu na bomba hilo.

Sasa angalieni akili yake. Hakuuliza habari za waliokufa tu, aliuliza na habari za waliopona. Karibu na bomba lile palikuwa na nyumba kubwa ya kutunzia maskini, yenye watu 535, nao waliokufa humo walikuwa watano tu. Nyumba ile ilikuwa na kisima chake yenyewe. Tena palikuwa na kiwanda cha pombe chenye wafanyakazi zaidi ya 70, wala hakufa hata mmoja, maana hawakunywa maji ya bomba lile. Na mbali sana, huko Hampstead, ambako ugonjwa haukufika, alikufa mama mmoja aliyekuwa akiletewa maji ya Broad Street kwa sababu alipenda ladha yake.

Snow aliwaendea wakubwa wa mtaa akawaeleza hesabu yake. Kesho yake, tarehe 8 Septemba, mpini wa bomba uliondolewa, watu wasiweze kuteka. Vifo vilikoma upesi. Lakini Snow, kwa kuwa alikuwa mtu mkweli, hakujisifu. Alikiri kwamba watu wengi walikuwa wamekwisha kukimbia, na vifo vilikuwa vimeanza kupungua hata kabla ya mpini kuondolewa. Alijua ya kuwa alihitaji ushahidi mkubwa zaidi, na kazi ya kuutafuta alikuwa amekwisha kuianza upande wa kusini wa mji.

Kabla ya kuisimulia, nawapa mfano. Fikirini mabweni mawili ya shule. Katika bweni la kwanza wameugua wanafunzi 10, na katika la pili wameugua 5. Lipi lina hatari zaidi? Asiyefikiri atajibu kwamba ni la kwanza. Lakini ikiwa la kwanza lina wanafunzi 200, na la pili lina 50 tu, basi katika kila wanafunzi 100 la kwanza lina wagonjwa 5, na la pili lina wagonjwa 10. Hatari imezidi katika la pili, mara mbili. Idadi peke yake haitoshi, sharti ipimwe kwa jumla ilikotoka.

Kusini ya London kampuni mbili ziliuza maji. Moja, Southwark na Vauxhall, iliyateka katika mto Thames mle mjini, penye uchafu wote. Ya pili, Lambeth, ilikuwa imehamisha mahali pake pa kuteka mwaka wa 1852, ikapanda juu ya mto kwenye maji safi. Mifereji ya kampuni hizi ilipita katika njia zile zile. Jirani huyu alipata maji ya kampuni moja na jirani yule ya nyingine, tajiri kwa maskini, kana kwamba walipigiwa kura. Hewa waliyovuta ilikuwa moja, maji ndiyo yaliyokuwa mbalimbali.

Snow alihesabu vifo vya majuma saba ya kwanza. Nyumba za Southwark na Vauxhall zilikuwa 40,046, na waliokufa humo ni 1,263. Nyumba za Lambeth zilikuwa 26,107, na waliokufa ni 98. Basi katika kila nyumba 10,000, walikufa watu 315 upande wa kwanza, na 37 tu upande wa pili. Tofauti ni zaidi ya mara nane. Kama nyumba zingekuwa kumi tu, mtu angeweza kusema ni bahati. Katika nyumba maelfu kwa maelfu, bahati haiwezi kufanya tofauti kubwa namna hii.

Hata hivyo wengi walikataa. Kasisi mmoja wa Soho, Henry Whitehead, alichunguza mwenyewe akitaka kuonyesha kwamba Snow amekosea. Mwisho hesabu zake mwenyewe zilimshinda, akawa upande wa Snow. Ndiye aliyegundua kwamba kabla ya vifo vile mtoto mchanga aliugua katika nyumba iliyo karibu na bomba, na maji ya kufulia nguo zake yalimwagwa katika shimo lililo kando ya kisima.

John Snow alifariki tarehe 16 Juni 1858, akiwa na miaka 45, kabla neno lake halijakubaliwa na wakubwa. Mwaka wa 1884 daktari Mjerumani, Robert Koch, alithibitisha kijidudu kinacholeta kipindupindu. Snow hakukijua kijidudu hicho, lakini alikwisha kuijua njia yake, kwa kuuliza, kuandika na kulinganisha. Nanyi mkisikia mtu akitaja idadi kubwa ya kutisha, ulizeni kwanza: ni wangapi katika wangapi?