Adolphe Quetelet: Aliyetaka mataifa yapime kwa pishi moja

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wazee wetu wa pwani walilijua hilo tangu zama za majahazi, kwani mfanyabiashara wa Mombasa au Lamu hakuwa na budi kukumbuka kwamba frasila ya Unguja, iliyokuwa na ratili 35, haikuwa sawa na frasila ya kila bandari ya Arabuni. Aliyeuza bila kulinganisha vipimo alirudi nyumbani na hasara. Mambo hayo yaliyowasumbua wafanyabiashara katika mizani ndiyo yaliyozisumbua serikali za Ulaya katika hesabu za watu, mashamba na viwanda. Na mtu aliyetumia umri wake kuyatengeneza alikuwa Mbelgiji, jina lake Adolphe Quetelet.

Bwana Quetelet alizaliwa tarehe 22 Februari 1796 katika mji wa Ghent. Wakati huo mji ulikuwa chini ya Ufaransa. Baadaye ukawa chini ya Uholanzi, na mwaka 1830 ukawa sehemu ya dola mpya ya Ubelgiji. Kwa hivyo mtu aliyezaliwa Ghent mwaka huo aliishi chini ya serikali tatu bila ya kuhama mtaa. Baba yake alifariki yeye akiwa na umri wa miaka saba tu, na alipotimiza miaka 17 ikambidi afundishe hesabu ili asaidie nyumbani. Licha ya shida hizo, mwaka 1819 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Ghent, akaenda Brussels kusomesha. Alikuwa pia mpenzi wa mashairi, na alitunga ya kwake.

Mwishoni mwa mwaka 1823 alitumwa Paris kujifunza namna ya kuendesha nyumba ya kutazamia nyota, kwani alitaka mji wa Brussels uwe nayo. Huko alikutana na mabingwa wa ilimu ya falaki na hesabu, miongoni mwao Laplace na Fourier, akajifunza hesabu za kukadiria mambo yasiyo na yakini. Wanafalaki walijua kwamba nyota ikipimwa mara nyingi, vipimo hutofautiana kidogo, lakini vyote huizunguka sehemu moja ya kati. Bwana Quetelet akajiuliza: je, binadamu nao si hivyo hivyo?

Jibu lake lilitoka mwaka 1835 katika kitabu kuhusu mwanadamu na makuzi yake. Humo alimweleza mtu wa wastani, ambaye hayupo popote lakini hupatikana kwa kujumlisha watu wengi na kugawanya. Aligundua pia kwamba idadi ya makosa ya jinai katika nchi hujirudia mwaka baada ya mwaka, karibu sawa. Jambo hilo lilizua mabishano makubwa, kwani baadhi ya watu walidhani anakanusha hiari ya mwanadamu. Na msomaji anayekwenda hospitali, akapimwa uzito na kimo ili daktari ajue kama amenenepa kupita kiasi, hupimwa kwa kanuni ya Bwana huyu: uzito kwa kilo ugawanywe kwa kimo cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe.

Mwaka 1841 Ubelgiji iliunda tume kuu ya takwimu, naye akawa mwenyekiti wake. Kazi yake kubwa ilikuwa hesabu ya tarehe 15 Oktoba 1846, iliyohesabu watu, mashamba na viwanda kwa pamoja. Haikuwa miaka ya raha. Ugonjwa wa viazi ulikuwa umeleta njaa, na katika majimbo ya Flanders, kwao Quetelet, wafumaji wa kitani waliofanya kazi kwa mikono majumbani walikuwa wakishindwa na mashine. Makarani waliandika idadi ya wafanyakazi katika viwanda, zaidi ya 300,000, wanaume, wanawake na hata watoto, pamoja na mishahara yao na mitambo ya mvuke iliyokuwapo.

Hata hivyo, daftari hilo lilikuwa na upungufu mmoja ambao Ubelgiji peke yake haikuweza kuuondoa. Waziri akitaka kujua kama wafumaji wake wana hali mbaya kuliko wa Uingereza au Prussia, angelinganisha nini na nini? Nchi moja ikiita karakana ya fundi mmoja kiwanda, na nyingine ikihesabu penye mtambo wa mvuke tu, ya kwanza itaonekana imejaa viwanda hali ni maskini. Huku wanaandika mali iliyotengenezwa kwa uzito, kule kwa thamani ya fedha; huku mtoto wa miaka 12 ni mfanyakazi, kule hahesabiwi. Kila daftari laweza kuwa la kweli, lakini yakiwekwa pamoja yakatoa uongo.

Maonyesho makubwa ya London ya mwaka 1851, ambako mataifa yalileta bidhaa zao chini ya paa moja, yaliwapa wataalamu nafasi ya kulizungumza jambo hilo. Matokeo yake yalikuwa Mkutano wa kwanza wa Kimataifa wa Takwimu, uliofanyika Brussels mwezi wa Septemba 1853, mwenyekiti akiwa Bwana Quetelet. Walihudhuria wajumbe wa nchi 26, wakaazimia kwamba serikali ziulize maswali yale yale na kuyaandika kwa namna moja. Wiki chache kabla ya hapo, katika mji huo huo, alikuwa amesimamia mkutano mwingine wa nchi 10, ulioitwa kwa juhudi za mwanamaji wa Marekani, Matthew Maury. Huo ulikubaliana juu ya namna moja ya kuandika upepo na mikondo katika vitabu vya safari za meli. Sisi tunaojua thamani ya kusi na kaskazi hatuhitaji kuelezwa faida yake.

Mkutano wa takwimu ulizaa tunda mapema. Mbelgiji Ducpétiaux alikusanya hesabu za matumizi ya familia za wafanyakazi zipatazo 200, akazichapisha mwaka 1855. Mjerumani Ernst Engel akazichambua mwaka 1857, akaona kwamba kadiri familia inavyozidi kuwa maskini, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya pato lake inavyoishia kwenye chakula. Kanuni hiyo inatumika mpaka leo.

Lakini mwaka ule ule wa 1855 Bwana Quetelet alipatwa na kiharusi. Kumbukumbu yake ilidhoofika, na maandishi yake hayakuwa tena na nguvu za awali. Hakukaa kitako. Mwaka 1860 alikuwapo katika mkutano wa London, uliofunguliwa na Mwanamfalme Albert, mume wa Malkia Victoria, ambaye alikuwa mwanafunzi wake wa hesabu. Huko alikuwapo pia daktari mweusi kutoka Amerika, Martin Delany, na mjumbe wa Marekani akatoka kwa hasira kwa sababu ya heshima aliyopewa. Kumbe watu waliokutana kutafuta kipimo kimoja cha mataifa walikuwa bado hawajakubaliana kumpima binadamu kwa kipimo kimoja.

Mwaka 1865 yeye na mwenzake Heuschling walitoa kitabu kilichoweka pamoja takwimu za watu wa nchi mbalimbali. Hesabu za viwanda zilibaki kazi ngumu zaidi. Mwaka 1872, mzee wa miaka 76, alisafiri mpaka St Petersburg kuhudhuria mkutano mwingine. Alifariki Brussels tarehe 17 Februari 1874. Mikutano nayo haikudumu. Wa mwisho ulifanyika Budapest mwaka 1876, kwani serikali, hasa Ujerumani ya Bismarck, hazikupenda kufungwa na maazimio ya watu wa nje.

Mbegu hata hivyo ilikuwa imekwisha kuota. Mwaka 1885 iliundwa Taasisi ya Kimataifa ya Takwimu, na mwaka 1948 Umoja wa Mataifa ukatoa orodha ya kwanza ya kupanga shughuli za uchumi kwa mafungu, ili kusaga unga, kufuma nguo na kuchoma saruji viwe na nambari zile zile kila nchi. Orodha hiyo imerekebishwa mara kadhaa, na takwimu za viwanda vya Kenya nazo hupangwa kwa mafungu yake.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hicho lazima kiwe kimoja kwa muuzaji na mnunuzi. Nchi ikiambiwa kwamba viwanda vyake viko nyuma au mbele ya jirani, ina haki ya kuuliza vimepimwa kwa pishi gani. Kuuliza hivyo ndiko alikotufunza Adolphe Quetelet.