Masinde Muliro: Buda wa Bungoma Aliyeunda Mbogi ya Mastaa Kumtoa Moi

Kama wewe ni fan wa basketi, unaikumbuka Lakers ya 2004. Shaq, Kobe, Karl Malone na Gary Payton, wote timu moja. Ukisoma majina unasema game imeisha. Fainali ikafika, Detroit Pistons wakawanyorosha 4-1.

Sasa cheki hii: Kenya ilikuwa na Lakers yake miaka 12 kabla, na mmoja wa walioiunda ni yule msee ambaye stadi ya Kanduyi, Bungoma, imebeba jina lake.

Masinde Muliro alizaliwa 1922 upande wa Kimilili. Akasoma hadi Cape Town, akarudi 1954 kuwa ticha. 1957 akaingia Legco. 1960 yeye, Ronald Ngala na ticha mwingine, Daniel arap Moi, wakaanzisha KADU ndio makabila madogo yasimezwe na KANU. Ndiyo, Moi huyo huyo. Walikuwa timu moja. 1964 KADU ikavunjwa, wote wakahamia KANU.

Muliro akawa waziri, lakini hakuwa wa kunyamazishwa na kiti. 1975 bunge likapigia kura ripoti ya mauaji ya JM Kariuki, akaiunga mkono. Kenyatta akampiga kalamu.

Sasa ingia 1991. Moi ni rais, chama ni kimoja. Muliro akaungana na Jaramogi, Shikuku, Bamahriz, Gachoka na Nthenge, wakaunda FORD. Desemba hiyo Moi akakubali vyama vingi virudi. Nchi nzima ikaona kombe ni lao.

Shida ikawa nani atavaa kitambaa cha captain. Jaramogi aliitaka tiketi ya urais, Matiba pia, Muliro pia. Tarehe 14 Agosti 1992, Muliro akashuka ndege kutoka London, akaanguka pale JKIA na kuaga. Alizikwa Sibanga, upande wa Kitale.

Kufikia Desemba, FORD ilikuwa imepasuka: Matiba na FORD-Asili, Jaramogi na FORD-Kenya. Moi akashinda na asilimia 36 hivi. Piga hesabu: Matiba alipata kama 26, Jaramogi kama 17. Wakiwa pamoja, Moi angeenda nyumbani.

Kwa hivyo msimu wa kura ukifika, ukiona mastaa wameshikana mikono jukwaani, usipige nduru bado. Uliza kwanza captain ni nani, na kama wale wengine wamekubali.