Ibn Siina: Tabibu Aliyeijua Sababu ya Maradhi Yake

Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume Muhammad (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam).

Wengi wetu tunalijua jina la Ibn Siina kwa kitabu chake kikubwa, al-Qanun fit-Tibb, kilichosomeshwa kwa mamia ya miaka hata katika vyuo vya Ulaya. Kuhusu itikadi yake wanavyuoni wana maneno mazito. Hayo tumeyaacha kwa leo. Tunataka kusimulia alivyoishi na alivyougua.

Alizaliwa mwaka 980 karibu na Bukhara. Akiwa na miaka 10 alikwishahifadhi Qur-aan, na kabla ya kutimiza miaka 20 alishamtibu mtawala wa mji huo, akafunguliwa maktaba yake.

Katika Qanun alifundisha kuwa siha ya mtu imefungamana na mambo ya kila siku: hewa anayovuta, anachokula na kunywa, kujishughulisha na kupumzika, kulala na kukesha, kupata choo, na hali za nafsi kama hasira, huzuni na furaha. Wazee wetu visiwani wanaposema chakula hiki ni cha baridi na kile ni cha joto, lugha yao ni ya tiba hiyo hiyo.

Lakini mwenyewe hakujipumzisha. Alipokuwa waziri Hamadan, mchana ulikuwa wa mtawala, usiku wa darsa na kuandika. Mwanafunzi wake al-Juzjani, aliyempenda na kukaa naye miaka mingi, hakumfichia: ameandika kuwa mwalimu wake alikuwa na nguvu nyingi, akazitumia bila ya kiasi, hasa katika mambo ya faragha, mpaka mwili ukadhoofika.

Akiwa safarini na jeshi la 'Alaa ad-Dawla, mtawala wa Isfahan, akapatwa na msokoto mkali wa tumbo. Alichelea jeshi likirudi nyuma ataachwa njiani, akataka kupona upesi. Kwa siku moja akajitia dawa kwa njia ya nyuma mara 8, utumbo ukafanya vidonda. Hatudhani kama angemruhusu mgonjwa wake yeyote kufanya hivyo.

Alipopata nafuu akarudia mazoea yale yale, na maradhi nayo yakawa yanarudi. Mara ya mwisho yalimrudia njiani kwenda Hamadan. Alipoona nguvu zimekwisha aliacha kujitibu, na akafariki Ramadhani ya mwaka 428 Hijria (1037), akazikwa huko huko Hamadan.

Wallahu a'lam.