STOKES, BINGWA WA VUMBI NA HEWA

Kila mwalimu anapofuta ubao, unga wa chaki hutimka na sisi wa madawati ya mbele hupiga chafya. Chembe nene huanguka papo hapo, lakini zile laini huelea tu hewani. Kwa nini? Aliyelitegua fumbo hili ni George Gabriel Stokes, na leo nitawasimulia maisha yake.

Stokes alizaliwa tarehe 13 Agosti 1819 kijijini Skreen, nchini Ireland. Baba yake alikuwa kasisi, naye alikuwa kitindamimba. Mwaka 1837 alijiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Jamani, huyo hesabu alizichapa kwelikweli! Mwaka 1841 aliongoza mtihani wa hisabati, na mwaka 1849 akapewa kiti cha uprofesa alichowahi kukikalia Newton. Hakukiachia mpaka kufa.

Mwaka 1845 alieleza kwa milinganyo jinsi maji na hewa hutiririka. Mfaransa Navier alikuwa ametangulia mwaka 1822, ndiyo maana milinganyo hiyo hubeba majina yao wote wawili. Mwaka 1851 Stokes akatoa kanuni ya nguvu ambayo hewa hutumia kuzuia chembe ndogo. Chembe ikipungua upana kwa nusu, huanguka polepole mara nne zaidi. Tone la wingu lenye upana wa milimita 0.02 hushuka kama sentimita 1 tu kwa sekunde. Kumbe ndiyo sababu mawingu hayatuangukii!

Lakini milinganyo ile si mchezo. Kwa kalamu na karatasi, hutatulika katika hali chache nyepesi, kama tufe moja linaloshuka polepole. Moshi wa kiwanda wenye chembe mamilioni ni mambo mengine kabisa.

Tena maisha hayakumnyookea. Alipomwoa Mary Robinson mwaka 1857, alipoteza nafasi yake chuoni kwa kuwa sheria za chuo hazikuruhusu wenye nafasi hiyo kuoa. Tangu 1854 hadi 1885 alikuwa katibu wa Royal Society, chama kikuu cha wanasayansi, akitumia saa nyingi kusoma na kurekebisha kazi za wenzake huku zake zikingoja. Alifariki Cambridge tarehe 1 Februari 1903.

Kazi yake haikufa. Siku hizi programu za kompyuta huigawa hewa katika vijumba vidogo vidogo, hutafuta jibu la kukaribia katika kila kijumba, kisha husogeza kila chembe hatua kwa hatua. Kanuni ya Stokes imo humo ndani, ikirekebishwa kwa chembe kubwa au zenye kasi. Wahandisi huzitumia kubuni mitambo ya kunasa vumbi viwandani, na watafiti huchunguza jinsi dawa ya pumu ya kuvuta inavyofika mapafuni.

Hata hivyo, hakuna aliyethibitisha kwamba milinganyo ile ina jibu safi daima. Tangu mwaka 2000 zawadi ya dola milioni 1 inangoja.

Mimi nilikuwa karibu kuitupa fizikia kwa sababu ya hesabu nisizozimaliza. Sasa nimeona kwamba hata bingwa alianza kazi ikamaliziwa na wengine, na bado haijaisha. Haba na haba hujaza kibaba, wenzangu. Tusikate tamaa.