Waliotutangulia: Askofu Edward Steere na Buku la Majina



Katika kuwakumbuka watumishi wa Mungu waliotutangulia, safari hii tumemchagua Edward Steere, Askofu wa Unguja. Wengi wetu twalijua jina lake kwa sababu ya Kanisa Kuu la Mkunazini, tena kwa sababu ya kazi yake katika lugha hii hii tunayoandikia. Lakini sisi tumefika kwake kwa njia nyingine, nayo ni hii.

Mama mmoja wa hapa Moshono alitaka kuwaeleza wajukuu zake habari za ukoo wao. Akapanda basi akaenda mbali, mpaka kanisa la zamani alikobatizwa babu yake. Karani akalifunua buku la ubatizo, na jina la babu likaonekana, pamoja na tarehe na jina la kasisi aliyembatiza. Lakini mahali pa kuandika baba na mama palikuwa peupe. Mama huyu akarudi amefurahi nusu na kuhuzunika nusu. Akatuuliza kwa nini Kanisa lilimwandika mtu kana kwamba hakuzaliwa na mtu. Swali lake lilitukaa moyoni, na tulipolitafutia jibu tukajikuta tunasoma maisha ya Askofu Steere.

Edward Steere alizaliwa London mwaka 1828. Baba yake alikuwa mwanasheria, naye kijana akafuata njia hiyo hiyo. Alisoma katika Chuo Kikuu cha London, akapata shahada za juu za sheria, na mwaka 1850 akakubaliwa kuwa wakili. Mbele yake palikuwa na maisha ya heshima na fedha. Hata hivyo moyo wake haukutulia. Alipenda kazi za mikono, akajifunza kupiga chapa, akatamani kuwatumikia maskini. Mwaka 1856 akawekwa kuwa shemasi, akaanza kazi Kingskerswell, upande wa kusini magharibi wa Uingereza. Miaka miwili baadaye akapewa ukasisi, akaenda Skegness katika wilaya ya Lincolnshire, mahali pa wavuvi na wakulima. Kutoka huko akapewa kijiji cha jirani kiitwacho Little Steeping.

Hapa yatupasa kusimama kidogo. Little Steeping ni kijiji kidogo sana, chenye kanisa la Mtakatifu Andrea na nyumba za wakulima katika nchi ya tambarare. Hata hivyo Mwingereza akitaka kujua babu zake walikuwa nani, mara nyingi ni kwenye kijiji cha namna hiyo anakokwenda, kwa maana majina yamo katika mabuku ya kanisa. Mwaka 1538, wakati wa Mfalme Henry wa Nane, waziri wake Thomas Cromwell aliagiza kila parishi iwe na buku. Kasisi aandike humo kila ubatizo, kila ndoa na kila maziko, na buku litunzwe katika sanduku lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja ukae kwa kasisi na wa pili kwa wazee wa kanisa. Baadaye ikaamriwa nakala zipelekwe kwa askofu kila mwaka. Tangu mwaka 1813 mabuku ya ubatizo yalipigwa chapa yenye nafasi maalumu: jina la mtoto, majina ya baba na mama, mahali wanapokaa, kazi ya baba, na jina la kasisi. Serikali yenyewe haikuanza kuandikisha vizazi na vifo mpaka mwaka 1837. Kwa karibu miaka mia tatu, basi, kumbukumbu ya mkulima asiye na shamba wala cheo ilikuwa mikononi mwa kasisi wake tu.

Kwa hiyo Steere, kama makasisi wenzake wote wa vijijini, alikuwa na kazi hiyo katika kazi zake. Mtoto wa kibarua aliletwa kwenye birika la ubatizo, na kila nafasi katika buku ikajazwa. Baba alijulikana, mama alijulikana, nyumba ilijulikana. Hapakuwa na shida yo yote, na bila shaka hakuna aliyeona kuwa jambo hilo ni neema.

Lakini jirani yake na rafiki yake, kasisi William Tozer, alichaguliwa kuwa Askofu wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ile tuliyozoea kuiita UMCA. Steere alijitolea kumsindikiza kwa muda tu. Wakaondoka mwaka 1863, wakajaribu kukaa katika nchi ya mto Shire, kusini ya Ziwa Nyasa, wakashindwa kwa homa na njaa na vita. Mwaka 1864 wakahamia Unguja. Hapo ndipo Steere alipokutana na watoto wa namna nyingine kabisa.

Mwaka huo huo Sultani Majid aliwapa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa lililokamatwa. Hao ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza wa misheni. Tufikiri kidogo habari za watoto hao. Walikuwa wametembezwa kutoka bara kwa miguu, mwezi baada ya mwezi, wakauzwa mkono kwa mkono, wakatiwa katika jahazi. Mtoto mdogo hulijua jina la mama yake kuwa ni Mama tu. Kijiji chake hukijua kwa mto wanakochota maji na mti wanaochezea chini yake. Sasa mweke mtoto huyo Unguja, mbele ya buku lenye nafasi ya baba, mama na makao. Kasisi aliyetoka Little Steeping aandike nini?

Hapo ndipo tulipopata mwanzo wa jibu la mama yetu. Nafasi peupe katika mabuku ya zamani si uvivu wa karani kila mara. Mara nyingine ni kidonda. Biashara ya watumwa haikuiba nguvu za watu peke yake, bali iliiba na majina ya mama zao.

Steere hakuweza kuwarudishia watoto wale walivyonyang'anywa. Alifanya lililokuwa katika uwezo wake. Kwanza alijifunza kuwasikiliza. Alikaa na watu wa Unguja, walimu na wasimulizi wa hadithi, akaandika maneno yao kwa utaratibu. Mwaka 1870 kilitolewa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili, na mwaka huo huo kitabu cha hadithi za Waunguja. Aliweka mashine ya chapa, akawafundisha wavulana kupanga herufi kwa mikono yao wenyewe. Alitafsiri sala na Maandiko. Agano Jipya zima la Kiswahili cha Unguja lilitoka mwaka 1883, na Biblia nzima mwaka 1891, akiwa amekwisha kufariki. Kiswahili cha Unguja ndicho kilichochaguliwa baadaye, mwaka 1928, kuwa msingi wa Kiswahili sanifu cha Afrika Mashariki. Mtoto wa Moshono anayesoma shuleni leo anakula matunda ya kazi hiyo, ingawa hamjui mpanzi.

Katikati ya kazi hiyo alirudi Uingereza mwaka 1868, akashika tena parishi yake ya Little Steeping. Angeweza kukaa huko kwa amani mpaka mwisho. Lakini mwaka 1872 kimbunga kikubwa kilipiga Unguja, na misheni ikadhoofika kwa magonjwa na vifo vya watumishi. Steere akakiacha kijiji chake mara ya pili, na safari hii hakuwa msindikizaji.

Mwaka 1873, tarehe 5 Juni, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Misheni ikapata kiwanja cha soko la Mkunazini, na siku ya Krismasi mwaka ule jiwe la msingi la kanisa likawekwa mahali walipouzwa watu. Steere mwenyewe alisimamia ujenzi, mawe ya matumbawe na chokaa, na paa la kuba ambalo wengi walidhani litaanguka. Halikuanguka, nalo liko hata leo. Tarehe 24 Agosti 1874 aliwekwa kuwa askofu katika kanisa la Westminster Abbey, London, kisha akarudi kwenye matofali yake na herufi zake za chapa.

Jambo la pili alilofanya ni kuwatafutia watu waliokombolewa mahali pa kukaa. Wengine walikaa katika shamba la Mbweni. Wengine waliotoka upande wa Nyasa walitamani kurudi kwao, naye mwaka 1876 akaondoka Unguja pamoja nao kuelekea bara. Walipofika Masasi waliipenda nchi ile, wakakaa hapo. Hivyo Masasi ikawa nyumbani kwa watu waliokuwa hawana nyumbani, na koo mpya zikaanza.

Jambo la tatu ndilo lililotugusa zaidi. Watoto wale wasio na majina ya baba walipewa kazi katika nyumba ya Mungu. Wawili kati ya wale watano wa kwanza, John Swedi na George Farajallah, waliwekwa kuwa mashemasi wadogo mwaka 1870. Farajallah hakuishi siku nyingi. Swedi akawekwa kuwa shemasi kamili na Askofu Steere mwaka 1879. Mwingine aliyeuzwa utotoni, Cecil Majaliwa, Myao, akawekwa kuwa kasisi mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile kupata ukasisi. Katika uzao wake Majaliwa alitokea John Ramadhani, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Kanisa Anglikana la Tanzania kuanzia 1984 hata 1998. Nyuma ya mtoto aliyeuzwa huenda tusione kitu, lakini mbele yake ukoo wake umeandikwa na unasomeka.

Askofu Steere alifariki ghafula Unguja mwezi Agosti 1882, akiwa na umri wa miaka 54. Alizikwa nyuma ya altare ya kanisa alilolijenga. Hakuzikwa London alikozaliwa, wala Little Steeping. Mtu akitafuta habari zake hana budi kutafuta katika mabuku ya nchi mbili.

Basi, wapendwa, habari hii yatufundisha nini sisi wa Moshono?

Kwanza, tusiwahukumu haraka walioandika mabuku ya zamani. Pili, tujue kwamba sisi hatuna udhuru waliokuwa nao. Sisi twawajua baba na mama zetu. Waarusha wenzetu, hata mzee asipoujua mwaka wake wa kuzaliwa, hutaja rika lake, kama ni Nyangusi, au Seuri, au Makaa, na ukoo wake, na mara moja wazee wenzake hujua amezaliwa zama zipi na ni mtoto wa nani. Hilo ni buku lisilo na karatasi, na kila tunapomzika mzee ukurasa mmoja wafungwa. Wengine wetu tumehamia hapa kwa kazi na biashara kutoka Dodoma, Muheza, Masasi, Kigoma na kwingineko. Mabuku yetu yako huko, na watoto wetu waliozaliwa hapa hawajui hata waulize kanisa gani.

Anayetaka kufuata ukoo wake, basi, aanze nyumbani. Awaulize wazee walio hai kabla ya kuwauliza waliokufa. Aandike majina, vijiji, rika na ukoo, na jina la kanisa alikobatizwa kila mmoja. Kisha aende, au aandike barua, kwa parishi ile, akitaja jina la ubatizo na mwaka kwa kukisia, kwa maana karani hawezi kutafuta Yohana mmoja kati ya Yohana mia. Asiyaache majina ya wadhamini, kwani mara nyingi mdhamini alikuwa shangazi au jirani, na kwa njia yake familia hupatikana.

Nasi tunaoleta watoto wabatizwe, tusimwambie mchungaji jina moja tu kwa haraka kwa sababu wageni wanangoja chakula. Tuje na majina yote: baba, mama, babu na bibi wa pande zote mbili, na mahali walikotoka. Mama asiye na mume asione haya. Mtoto wake na aandikwe kwa jina la mama yake, kwa ukamilifu na kwa heshima. Steere angefurahi kama watoto wale watano wangaliweza kutaja hata jina la mama mmoja.

Mama yetu, aliyeuliza swali, amekwisha kununua daftari. Ukurasa wa kwanza ameandika jina la babu yake kama lilivyo katika buku la kanisa, na juu yake ameacha nafasi tupu mbili. Chini yake ameandika watoto wa babu, na wajukuu, na vitukuu, mpaka mtoto aliyebatizwa Pasaka iliyopita. Alipohesabu walikuwa zaidi ya sitini. Zile nafasi mbili za juu tunamwachia Mungu, ambaye awajua walio wake kila mmoja kwa jina. Za chini ni kazi yetu.

Mungu atusaidie kuifanya. Amina.